Siku Mama Alipomwaga Oili ya Difu

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu kwa fundi pale Riruta Satellite, na alipolegeza nati ya difu, ile gea ya nyuma inayozungusha magurudumu, harufu ikanipiga kabla sijaweka mkoba chini. Wenzangu wa rika langu mliokulia karibu na magari mnaijua harufu hiyo. Si ile ya oili ya injini, ambayo mtu huizoea. Hii ni oili nzito ya gea, inanuka yai viza na njiti za kiberiti na kitunguu saumu kwa pamoja, na ikishaingia puani haitoki upesi. Fundi alicheka. "Pole, mama. Hii hata mbwa hukimbia." Nilitaka kumjibu kwa mzaha, sikuweza. Nilienda nje nikakaa kwenye benchi nikalia, mwanamke mwenye wajukuu, hadi kijana anayeosha magari akaniletea maji akidhani jua limenizidi.

Sikuwa na jua lolote. Nilikuwa na Mama, na Mama Atieno, na jambo nililolifanya nikiwa na umri wa miaka minane.

Tulikuwa wapangaji Kawangware, wakati ambapo bado ungeweza kusimama mlangoni ukaona mahindi ya mwenye ploti yakianzia pale mabati yalipoishia. Ploti ilikuwa na vyumba kumi vilivyotazamana, bomba moja, na uwanja wa udongo katikati. Kwenye uwanja huo liliegeshwa gari la Baba, gari kuukuu la Kifaransa ambalo yeye mwenyewe aliliita Mfaransa, kana kwamba ni mpangaji wa kumi na moja. Baba alikuwa fundi katika gereji moja huko kwenye eneo la viwanda. Kila Jumapili alasiri alilala chini ya gari hilo akiwa na fulana iliyotoboka, na sisi watoto tuliona miguu yake tu.

Alikufa ghafla, mwaka ambao mvua ya masika ilichelewa. Aliumwa kichwa siku tatu, siku ya nne hakuamka. Tulimzika nyumbani, Bungoma, na tuliporudi Nairobi Mfaransa alikuwa palepale uwanjani, amejaa vumbi, na kuku wa jirani ametaga chini yake.

Sijui kama niliomboleza. Ninachokumbuka ni kwamba Mama aliacha kucheka. Alikuwa mwanamke wa vicheko vifupi vya puani, na vikaisha. Aliuza mboga na maharagwe mabichi kando ya barabara, akarudi, akapika, akatuosha mimi na kaka yangu Simiyu, akalala. Hakuongea mengi. Aliyeongea kwa niaba yetu sote alikuwa Mama Atieno, jirani wa mlango wa pili, Mjaluo muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mimi nilizaliwa kwenye chumba chake, usiku ambao mkunga hakufika, na mikono yake ndiyo ya kwanza kunishika duniani. Yeye na Mama walitumia jiko moja, chumvi moja, na mara nyingi sufuria moja. Kama kuna mtu aliyemrudisha Mama kwenye uhai baada ya msiba, ni yeye.

Miezi michache baada ya mazishi, Baba Mkubwa akaja. Alikuwa kaka yake Baba, mwalimu wa shule ya msingi huko nyumbani, mtu mpole wa suti moja, na sitaki mumwone kama mnyang'anyi. Alituletea kuku na unga. Alikaa kwenye kiti cha Baba, akanywa chai, halafu akasema ukoo umekaa na umekubaliana: gari linarudi nyumbani kwa ndugu, na Simiyu, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume wa kwanza, anarudi nalo akalelewe kwenye boma la babake. Wangeondoka Jumapili asubuhi.

"Shemeji, shule haijafunga," Mama alisema.

"Shule ziko hata kwetu, Mama Simiyu. Mimi ndiye mwalimu."

Mama hakubishana. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na alilijua hilo siku aliyoolewa. Simiyu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa ananibeba mgongoni kuvuka mtaro wa maji machafu hata nilipokuwa nimeshakua mkubwa wa kuruka mwenyewe. Niliposikia anachukuliwa sikumaliza chai yangu.

Baba Mkubwa alienda kulala kwa jamaa yake Kibera. Alasiri hiyo Mama na Mama Atieno walikuwa bombani wakifua, nami nilikuwa nyuma ya shuka zilizoanikwa. Mama alimweleza kila kitu. Mama Atieno alisonya, akapiga nguo kwenye jiwe.

"Yaani achukue gari, achukue na mtoto? Na wewe unyamaze tu?"

"Nifanye nini?"

"Wekea hiyo gari sumu! Mwagia kitu huko chini, mchanga, chochote. Wacha ifike Mau ikufe na yeye ndani, tuone kama ukoo utakuja kuisukuma."

Na hapo Mama akacheka. Kile kicheko chake cha puani ambacho sikuwa nimekisikia tangu Baba afe. "Nitaweka," alisema huku akikamua shuka. "Nitaweka ile kali."

Mtu mzima angesikia wanawake wawili wenye uchungu wakijichekesha ili siku iishe. Mimi nilisikia mpango. Nilisikia mama yangu akikubali, tena kwa furaha, kwamba gari litakufa Mau. Na kilichonitisha ni kwamba wote wawili, kwa hasira yao, walikuwa wamesahau Simiyu atakuwa ndani.

Asubuhi ya Jumamosi Mama hakwenda kuuza mboga. Alivaa suruali ya kazi ya Baba, ile ya buluu, akaikunja mara tatu miguuni na kuifunga kiunoni kwa leso. Wapangaji walitoka milangoni kumtazama. Mwanamke chini ya gari halikuwa jambo la kawaida Kawangware, wala sidhani ni la kawaida hata leo. Mwenye ploti, mzee wa Kikuyu aliyezaliwa kwenye shamba lile kabla ya mabati, alikuja na fimbo yake akauliza kama anataka kuitiwa fundi. Mama alisema hapana, asante, kazi hii anaijua. Mzee akaomba tu kwamba oili ya zamani isimwagwe, apewe yeye akapake nguzo za ua kwa ajili ya mchwa.

Na kweli Mama aliijua kazi hiyo. Mimi ndiye sikujua kwamba anaijua. Baba alibadilisha oili ya injini mara kwa mara mbele yetu, lakini ile ya giaboksi na ya difu aliibadilisha mara moja kwa mwaka, kila Desemba kabla ya safari ya nyumbani, mimi na Simiyu tukiwa tumeshatangulizwa kwa basi. Aliyebaki kumshikia tochi alikuwa Mama. Kwa hiyo kazi iliyokuwa ya mume na mke kwa miaka yote hiyo, mimi niliiona siku hiyo kwa mara ya kwanza, ikifanywa na mmoja.

Aliinua gari kwa jeki gurudumu moja moja, na chini ya kila gurudumu akasukuma jiwe la kujengea. Alipomaliza yote manne, aliweka beseni la maji kwenye sakafu ya buti, akachuchumaa akayatazama maji hayo kwa muda mrefu. Kisha akaenda akatia kipande cha ubao chini ya gurudumu moja, akarudi kutazama beseni tena. Nilidhani ni uganga. Nilikuwa nimesikia kwamba wanaologa hutazama maji.

Halafu akafungua nati za juu, ya giaboksi na ya difu, kabla ya kugusa za chini. Baba alikuwa na sheria hiyo, nilikuja kuambiwa baadaye: ukifungua ya chini ukamwaga oili yote, halafu ya juu ikakataa kufunguka, umejifungia nje ya gari lako mwenyewe. Zilipokubali akafungua za chini. Oili ya zamani ilishuka kwenye karai polepole, nyeusi, kama uji uliopoa. Harufu ile ikajaa uwanja mzima. Watoto walikimbia wakijiziba pua. Mimi sikukimbia. Nilikuwa naangalia jiko.

Kwa kuwa jikoni, kwenye sufuria yetu mbovu yenye maji yanayotokota, Mama alikuwa ameweka mkebe. Ndani ya mkebe kulikuwa na oili mpya, aliyoipasha moto ili iwe nyepesi ya kupita kwenye mpira. Kama gari lingeendeshwa kidogo kwanza ile ya zamani nayo ingepata moto na kutoka haraka, lakini Mama hakujua kuendesha, basi alitumia jiko na subira. Mimi niliona mama yangu akipika kitu kinachonuka kuliko kitu chochote nilichowahi kunusa. Nilisogea.

"Usishike hiyo, Nekesa. Rudi nyuma. Hata usiinuse karibu."

"Ni ya nini, Mama?"

"Ni ya safari ya Simiyu."

Alisema hivyo bila kuniangalia, na sauti yake ilikuwa nzito. Alifunika mkono kwa kitambaa, akabeba mkebe, akaingiza mpira kwenye tundu la difu na faneli juu yake, akamimina taratibu. Kila mara alisimama, akaingiza kidole kidogo kwenye tundu, akakitoa, akakitazama. Mwishowe oili ilipoanza kutiririka yenyewe kutoka mdomo wa tundu, akafunga nati. Akafanya hivyohivyo kwa giaboksi. Ilikuwa imefika saa saba mchana. Alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia na mchanga, mara tatu, nne, na aliponishika shavu bado alinuka.

Siku hizi najua alichokifanya. Alichukua kazi aliyofundishwa na mumewe kwenye mwanga wa tochi akaifanya kwa usahihi ambao mafundi wengi hawana, kwa sababu mwanawe angepanda gari hilo kilomita mia nne, na milima ya Mau katikati. Hakuwa na uwezo wa kumzuia mtoto asiende. Kilichobaki mikononi mwake ni difu. Lakini siku ile niliona tu kwamba mama yangu amemtia sumu Mfaransa, na kwamba anajua Simiyu atasafiri naye.

Baba Mkubwa alikuja baada ya chakula, na mawe yalikuwa yameshaondolewa. Alisema anakwenda kuliendesha gari kidogo, aonane na jamaa zake Kibera, na sisi watoto twende naye tuwasalimie. Simiyu alikaa mbele, akijivuna. Mimi nilikaa nyuma. Tulipofika kwa jamaa yake Simiyu alishuka akawafuata watoto wenzake kwenye reli, na Baba Mkubwa akanigeukia kwa upole akaniuliza mbona nimenuna.

Nikasema. Sikupanga, yalitoka tu.

"Mama ameweka sumu kwa gari. Alipika kwa sufuria akaweka huko chini. Mama Atieno ndiye alimwambia. Ati gari likufe Mau."

Nakumbuka uso wake. Haukukasirika. Ulizeeka, kwa namna ambayo ilinitisha zaidi ya hasira. Alishika usukani wa ndugu yake kwa mikono miwili. Kisha akaniambia nimefanya vizuri, niende nikacheze.

Jamaa yake alikuwa na rafiki aliyejiita fundi. Walilisogeza gari hadi kando ya njia, pale ardhi inaposhuka kuelekea reli, kwa kuwa mahali pengine pangeziba njia ya watu. Fundi huyo alitia jeki upande mmoja, gari likainama kama mtu aliyechoka, akamwaga oili yote ya Mama ardhini. Ilikuwa safi, rangi ya asali. Alinusa kidole akasema ndiyo, hii inanuka vibaya, sijui ni nini. Akajaza giaboksi, kisha akamimina nyingine kwenye difu kutoka chupa, na haikuchukua muda ikaanza kumwagika nje ya tundu. "Imejaa," alisema, akafunga. Nilikuwa nimesimama pale pale. Miaka mingi baadaye, nikiwa na gari langu la kwanza, fundi mmoja alinieleza kwamba difu haipimwi gari likiwa limeinama, maana oili hukimbilia upande mmoja na kumwagika kwenye tundu ilhali ndani kuna nusu tu. Nilimwomba arudie. Aliporudia, nililiona beseni la maji kwenye buti, na Mama amechuchumaa akitazama kama gari limelala sawa.

Tulirudi Kawangware jua likiwa bado liko juu ya mabati. Mama alitutokea uwanjani, akanusa gauni langu, akainama akatazama chini ya gari. Kulikuwa na matone mapya kwenye nati ya difu.

"Shemeji, nani amefungua difu?"

"Nimehakikisha gari liko salama, Mama Simiyu."

"Lilikuwa salama. Niache nipime tu. Ni dakika tano, nitalipandisha kwenye mawe."

"Umeshaligusa gari hili vya kutosha." Alisema kwa sauti ya chini, lakini milango yote kumi ilikuwa wazi. "Nimeambiwa ulichoweka. Na nimeambiwa ni nani aliyekushauri. Sitasema zaidi mbele ya watoto."

Mama alibaki na mdomo wazi. Halafu nikaona macho yake yakizunguka uwanja taratibu, mlango hadi mlango, na yakasimama kwa Mama Atieno, aliyekuwa ameshika ungo wa omena. Kulikuwa na watu wawili tu bombani siku ile, kadiri Mama alivyojua. Mmoja alikuwa yeye mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Ningeweza kusema. Nilishika pindo la gauni langu nikanyamaza.

Waliondoka Jumapili kabla ya kengele ya kanisa. Mama alimfunga Simiyu vifungo vya shati hadi cha shingoni, kisha akamwomba Baba Mkubwa mara ya mwisho, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba basi asimame Nakuru, aguse difu kwa mkono, kama ina moto apumzike. Baba Mkubwa aliitikia kwa kichwa. Hakusimama. Simiyu alitusimulia baadaye kwamba tangu Gilgil gari lilikuwa linalia huko nyuma kama mtoto, na Baba Mkubwa akaongeza sauti ya nyimbo alizokuwa akiimba. Kwenye mteremko baada ya Timboroa magurudumu ya nyuma yaligoma kuzunguka, yote mawili kwa pamoja. Gari lilizunguka likaangukia mtaroni. Baba Mkubwa alivunjika mbavu. Simiyu alivunjika paja la kushoto mahali pawili, na mguu huo haukurefuka tena kama mwenzake.

Ukoo haukuhitaji kukaa mara ya pili. Fundi wa Kibera alikuwa ameinusa sumu, na gari lilikufa kulekule kwenye milima iliyotajwa. Mama akawa mwanamke aliyejaribu kumwua shemeji yake na mwanawe wa kumzaa. Hakukanyaga nyumbani tena. Kaburi la mumewe hakuliona tena, na mamamkwe alipokufa alitumiwa ujumbe asithubutu kuja. Simiyu walimrudisha baada ya miezi, akichechemea, kwa kuwa mtoto huyo sasa alionekana amebeba mkosi. Leo ni fundi cherehani hapahapa Kawangware, na hanung'uniki. Nami nilikuwa nimepata nilichokitaka, kaka yangu alilala tena kitanda kimoja nami, na kila usiku nilisikia anavyogeuka kwa shida.

Na Mama Atieno? Mama alimfuata mlangoni jioni ileile habari za ajali zilipofika.

"Ulimwambia shemeji nini?"

"Mimi? Haki ya Mungu, Mama Simiyu, sijafungua mdomo."

"Tulikuwa wawili."

"Najua tulikuwa wawili. Lakini si mimi."

Mama alirudi ndani, akachukua sufuria iliyokuwa ya Mama Atieno, akaenda akaiweka kwenye kizingiti chake bila neno. Siku iliyofuata alinunua jiko letu wenyewe. Wanawake waliokula pamoja miaka tisa walianza kupishana bombani kama watu wasiojuana. Mama Atieno alivumilia hadi mwisho wa mwaka, kisha akahamia Kibera kwa dada yake. Siku ya kuhama alinikuta nje. Aliniinamia, akanishika kidevu kwa mikono ile yake yenye harufu ya omena, akaniangalia hadi nikainamisha macho. Nadhani ndipo alipojua, kama hakuwa amejua kabla. Nilingoja apaze ile sauti yake. Alichosema ni, "Wewe ni mtoto. Saidia mama yako." Akajitwika godoro akaondoka.

Nilikutana naye mara kadhaa nilipokuwa mtu mzima, sokoni, mara moja kwenye harusi. Kila mara aliuliza, "Mama hajambo? Mwambie nimemsalimia." Sikumwambia Mama hata mara moja. Ningefikisha salamu, ingebidi nifikishe na mengine. Nilijidanganya kwamba ni ya zamani, kwamba wazee wameshasahau, na uongo huo niliupenda kwa sababu ulinifaa.

Kisha Mama Atieno akafa. Nilipata habari akiwa ameshapelekwa Siaya na kuzikwa. Nilienda kwa Mama Jumamosi, nikamkuta anachambua maharagwe, akiwa amezeeka sana, ungo mapajani. Nilimwambia yote. Bomba, shuka, sufuria, Kibera, fundi, na kimya changu cha miaka yote. Sikujitetea. Nililia, na nakiri kwamba katikati ya kulia nilianza kuhisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Sikujiuliza nimeutua wapi.

Mama hakulia. Aliendelea kuchambua hadi maharagwe yakaisha.

"Alijua ni wewe?"

"Nadhani alijua, Mama."

"Na hakusema."

"Hakusema."

Alipangusa vumbi la maharagwe mikononi. "Miaka yote hii nilikuwa nikimwomba Mungu anipe nguvu ya kumsamehe," alisema. "Na kila nikikaribia nilikuwa najiambia, hapana, yule alimvunja mwanangu mguu." Akaweka ungo chini. "Kwa nini hukuniambia akiwa hai, Nekesa?"

Niliinama nikaokota punje zilizodondoka.

Aliingia ndani, akatoka amevaa viatu na kitambaa cha kanisani. Alisema nimpeleke kwa watoto wa Mama Atieno. Tulikwenda Kibera, tukaingia nyumba iliyokuwa bado na viti vya kuazima vya msiba. Atieno mwenyewe alitupokea, mwanamke wa rika langu ambaye zamani tulikula naye kutoka sahani moja. Wadogo zake watatu walikuwepo. Mama alikataa kiti. Alisimama katikati ya chumba, ameshika leso kwa mikono miwili.

"Mimi nilimkosea mama yenu," alisema. "Nilimshuku kwa jambo ambalo hakulifanya, nikamkatia urafiki hadi akafa. Hakunikosea kitu. Nimekuja kuwaomba msamaha ninyi, kwa kuwa yeye sitampata."

Atieno alimshika. "Lakini ni nani alikuwa amesema, Mama Simiyu? Mama alikuwa akiulizwa, anasema tu hajui."

Nilikuwa nyuma ya Mama, karibu na mlango. Wote walikuwa wakimtazama yeye. Nilingoja ageuke anitazame, na hakugeuka.

"Hakuna mtu aliyesema," Mama alijibu. "Ni mimi tu na moyo wangu mbaya."

Wakaanza kulia pamoja, wakikumbatiana. Nami nilikuwa na nafasi, mlango umefungwa, watu wametulia, maneno yako mdomoni. Nilishika mkoba wangu nikanyamaza.